Ukuta wa nje usiobanduka: plasta, rangi na fundi kwa nyumba za Mtwara na Lindi

Kosa ni lile lile kila mwaka. Hela ya korosho inaingia, fundi anaitwa haraka, plasta inapigwa ndani ya wiki moja na rangi inapakwa wiki inayofuata ili wageni wa sikukuu waikute nyumba inang'aa. Mvua zikishapita, ukuta umetoa unga mweupe kutoka chini hadi usawa wa goti, rangi imevimba malengelenge, na ukigonga unasikia mlio wa debe tupu. Anayelaumiwa ni mwenye duka la rangi.

Mara nyingi rangi haina hatia. Kilichoharibu ukuta ni chumvi, maji na haraka. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukiruka ya pili, zilizobaki hazitakuokoa.

## Vifaa

Hesabu hizi ni za nyumba ya mita 10 kwa 8, ukuta wa mita 3 kwenda juu, madirisha 8 na milango 2. Namna ya kupata hesabu ya nyumba yako iko hatua ya kwanza.

- Saruji mifuko 17 ya kilo 50: mifuko 5 ya kurushia (tabaka la kwanza la kukwaruza, la kushikia plasta), 12 ya plasta. Daraja la nguvu la 32.5, lililoandikwa kwenye mfuko, linatosha, 42.5 iachie zege.
- Mchanga mita za ujazo 2.5. Unaotumika ni kama 2. Unaobaki ni changarawe na takataka za kwenye chekeche.
- Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi: lita 500 za kuchanganyia na lita 2,000 za kumwagilia.
- Wavu wa kuku uliopakwa zinki, wa kufunika kila mahali nguzo au lenta ya zege inapokutana na tofali.
- Sanduku la mbao lisilo na kitako, sentimita 30 kwa 30 kwa 39. Ujazo wake ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji. Kifaa hiki ni cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kinachokosekana kwenye saiti nyingi.
- Machekeche mawili: la matundu ya milimita 5 na la milimita 2 au 3.
- Magunia ya jute, hata ya zamani yaliyobebea korosho.
- Praima (rangi ya kwanza ya kushikia) ya ukuta wa saruji lita 12, na rangi ya maji ya nje lita 28 kwa mikono miwili.
- Mirunda na mbao za jukwaa. Mwiko, pima maji, timazi, ubao wa kunyooshea na sponji aje navyo fundi mwenyewe.

Saruji na rangi ziwe na nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kiwanda cha Dangote kipo Msijute, kwa hiyo hakuna sababu ya kupokea mfuko wenye mabonge. Bonyeza pembe za mfuko kabla ya kulipa. Ukisikia mawe, uache hapo hapo.

## Hatua ya 1: Pima ukuta na uchague unachouvalisha

Zunguka nyumba na utepe. Jumlisha pande zote, zidisha kwa urefu wa kwenda juu, kisha toa madirisha na milango. Mfano wetu: mzunguko ni mita 36, mara 3 ni 108. Madirisha 8 ya mita 1.5 kwa 1.2 yanatoa 14.4, milango 2 ya 0.9 kwa 2.1 inatoa karibu 3.8. Zinabaki mita 90 za mraba. Kama nyumba ina pembetatu za ukuta chini ya paa, ongeza nusu ya kitako mara kimo kwa kila moja.

Kwa plasta ya milimita 15 yenye mchanganyiko wa moja kwa nne, mfuko mmoja unafunika kama mita 7.5 za mraba. Ukutani palipopinda mfuko utafunika pungufu, na hilo ni deni uliloachiwa na fundi aliyejenga.

Sasa chagua kulingana na ukuta ulio nao.

Tofali la saruji au la kuchoma: plasta ya saruji na rangi ya maji ya nje. Hili ndilo chaguo la nyumba nyingi, na ndilo tutakalolifuata hapa chini.

Mawe ya matumbawe, kama nyumba za zamani za Mikindani na Lindi mjini: usipige saruji. Ukuta huo ulijengwa kwa chokaa na unapumua. Ukiufunika na saruji, unyevu unafungiwa ndani, unatafuta njia upande wa chumbani, na plasta inadondoka mapande mapande pamoja na uso wa jiwe. Tumia chokaa moja kwa mchanga tatu, tabaka jembamba jembamba la kama milimita 10, na uache unyevunyevu kwa siku kadhaa. Jengo likiwa kwenye mji wa kale wa Mikindani, uliza halmashauri kabla ya kugusa uso wake.

Ukuta wa udongo: saruji haishiki udongo. Inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa, na udongo wa nyuma unayeyuka bila wewe kuona. Siriba kwa udongo wenye mchanga uliochanganywa na chokaa kidogo, na hela iliyobaki itie kwenye paa litokeze angalau sentimita 60.

Vipi kuhusu urembo unaouzwa siku hizi? Mawe ya kupachika ni mazito, na yanahitaji plasta imara nyuma yake; mita moja ya chini inatosha. Mbao za plastiki zinaficha unyevu badala ya kuuondoa, na jua la huku linazifanya zikatike kama biskuti. Bati ukutani karibu na bahari linaanza kutu kwenye misumari. Plasta ya kukwaruza, ile ya chengachenga, inavumilia mvua na kuficha mawimbi ya ukuta, ila Newala au Nachingwea itakunywa vumbi jekundu hadi usahau rangi uliyonunua.

## Hatua ya 2: Kagua mchanga na maji

Mchanga wa ufukweni ni wa bure machoni tu. Chumvi iliyomo inanyonya unyevu wa hewani kila usiku, inayeyuka, inasogea hadi kwenye uso wa ukuta, na mchana jua likikausha maji inabaki punje. Punje hizo zinasukuma rangi kutoka nyuma. Mkono wa tatu wa rangi hauzuii jambo hilo, hata uwe wa bei gani.

Mchanga wa mto Lukuledi ni wa kuangalia ulikochotwa: uchukuliwe juu, mbali na mahali maji ya bahari yanapofika bamvua. Dereva wa lori atakuambia ni wa juu. Wewe pima.

Kipimo cha chumvi: tia konzi mbili za mchanga kwenye bilauri ya maji ya kunywa, koroga, acha yatulie, kisha onja kwa ncha ya ulimi. Dondoshea matone kwenye sahani nyeusi na uanike juani. Pembeni dondoshea matone ya maji yale yale kabla hayajaguswa na mchanga, ili usije ukalaumu mchanga kwa chumvi ya kisima. Duara jeupe likizidi upande wa mchanga, rudisha lori.

Kipimo cha tope: weka mchanga wa sentimita 10 kwenye chupa inayoonyesha, jaza maji hadi sentimita 20, ongeza kijiko kidogo cha chumvi, tikisa kwa dakika moja na uache kwa muda wa saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi milimita 8, plasta itapasuka nyufa za utando wa buibui.

Maji nayo usiyaamini kwa kuwa ni meupe. Kisima cha karibu na pwani kinaweza kuwa na maji maangavu yenye chumvi. Maji usiyoweza kunywa kwa sababu ya ladha, usichanganyie saruji wala usiumwagilie ukuta.

Hapa ndipo kalenda inapokusaidia. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili hadi Mei, na hela ya korosho inakuja zinapoanza. Basi msimu wa hela nunua mchanga, madirisha na wavu. Mchanga utandaze mwembamba mahali penye mteremko, mvua iusuuze, kisha upime upya Mei. Saruji usinunue, ikikaa miezi mitatu kwenye unyevu wa pwani inapoteza nguvu. Inunue wiki ya kazi, kati ya Juni na Oktoba.

## Hatua ya 3: Tafuta fundi kwa kuangalia kuta

Usianzie dukani. Muuza saruji anamjua fundi anayenunua sana, na fundi anayenunua sana si lazima awe anayepiga vizuri. Anzia mtaani: tafuta nyumba ambazo plasta yake imeshapita misimu miwili ya mvua. Nenda upande wa kusini-mashariki, unaopigwa na upepo wa kusi, na uangalie mita moja ya chini. Kama hapo pamesimama safi, mwulize mwenye nyumba nani alipiga.

Ukishampata, mwulize maswali matatu tu.

"Fundi, unachanganya ngapi kwa ngapi, na unapimia nini?" Jibu zuri linataja namba na chombo: sanduku, ndoo, karai lililojazwa na kukatwa juu. Akisema makoleo, koleo la asubuhi na koleo la saa tisa alasiri si sawa, saidia fundi amechoka. Akisema, "Bosi, sisi tunakwenda kwa uzoefu," mshukuru na umuage.

"Unamwagilia siku ngapi?" Saba. Anayesema mbili anataka kuhamia saiti nyingine.

"Nipake rangi lini?" Wiki nne. Anayekwambia wiki ijayo, yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa na kazi ya kukwangua mwakani.

Cheti cha chuo cha ufundi cha VETA, cha Mtwara au cha Lindi, ni dalili njema lakini hakichukui nafasi ya kipande cha majaribio. Mlipe apige mita moja ya mraba nyuma ya nyumba, kwa mchanga wako. Siku ya nane gonga kwa funguo na ukwaruze kwa msumari. Msumari ukichimba mfereji na unga ukamwagika, tatizo ni mchanganyiko au maji, na umelijua kwa gharama ya karai moja.

Kwa ghorofa au jengo la biashara, hakikisha mkandarasi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

## Hatua ya 4: Andika makubaliano

Lipa kwa mita ya mraba, usilipe kwa siku. Anayelipwa kwa siku hana sababu ya kumaliza. Lakini anayelipwa kwa mita ana sababu ya kukimbia, ndiyo maana karatasi inahitajika. Iwe nakala mbili, zisainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na ziseme:

- ukubwa wa ukuta mliopima pamoja, bei ya mita, na kama pembeni mwa madirisha panahesabiwa;
- mchanganyiko, unene, na kwamba sanduku la kipimo litatumika kila mara;
- nani analeta maji, nani anafunga jukwaa, nani anamwagilia Jumapili;
- kwamba sehemu yenye mlio wa utupu inabanduliwa na kupigwa upya bila malipo ya ufundi.

Vifaa nunua mwenyewe. Malipo ya ufundi yagawe hivi: asilimia 30 baada ya kurushia ukuta wote, 40 plasta ikikamilika, 20 baada ya siku saba za kumwagilia na ukaguzi, na 10 ya mwisho siku ya 28. Hela ya kula ya kila siku iandikwe na ikatwe humo humo. Bila daftari, mwisho wa kazi kila mtu ana hesabu yake, na wote wawili wanaapa.

## Hatua ya 5: Andaa ukuta

Paa liwe limeezekwa na fremu na nondo za madirisha ziwe zimefungwa. Ukifunga nondo baada ya plasta, kila tundu ni mlango wa maji.

Sugua ukuta kwa brashi ya waya, ondoa vumbi, ukungu na saruji iliyoning'inia. Nguzo na lenta za zege zina uso mnyororo mno, plasta haina pa kushika. Zichongechonge kwa patasi, kisha pigilia wavu wa kuku upana wa sentimita 30, nusu juu ya zege na nusu juu ya tofali. Zege na tofali havitanuki sawa juani, na ufa unaoshuka wima kando ya nguzo unatokana na hilo. Nondo iliyochungulia isuguliwe kutu na ifunikwe kwanza.

Kama unarudia ukuta ulioharibika, bandua plasta hadi sentimita 50 juu ya doa la mwisho. Chumvi ipige brashi kavu na uikusanye. Usiioshe kwa maji, utairudisha ndani. Tafuta maji yanakotoka (mara nyingi ni udongo uliorundikwa juu ya tabaka la kuzuia unyevu, au bafu la nje linalovuja), ziba, na uache ukuta ukauke wiki kadhaa.

Umefaulu ukipitisha kiganja kisitoke na unga.

## Hatua ya 6: Rushia

Changanya saruji sanduku moja na mchanga wa chenga nene masanduku mawili, wa chekeche la milimita 5, uwe uji mzito. Lowesha ukuta: tofali la kuchoma linywe hadi lishibe, tofali la saruji linyunyiziwe tu. Fundi aurushe uji kwa mwiko kwa nguvu, unene wa milimita 3 hadi 5, na asiulainishe. Ukwaruzo huo ndio meno ya kushikia plasta.

Mwagilia siku mbili. Ukiparuza kwa kidole na chenga hazidondoki, endelea.

## Hatua ya 7: Piga plasta

Sanduku moja la saruji kwa manne ya mchanga laini. Kama tofali zako ni dhaifu na zinamegeka kwa mkono, fanya moja kwa tano, kwa sababu tabaka la juu lenye nguvu kuliko la chini yake linajikunja na kulibandua. Changanya vikavu hadi rangi iwe moja, ndipo utie maji. Changanya kiasi cha kumaliza ndani ya saa moja. Mchanganyiko ukianza kukaza, usikubali uongezewe maji, umwagwe.

Fuata kivuli. Asubuhi piga ukuta wa magharibi, alasiri wa mashariki. Kati ya Juni na Agosti jua linapita upande wa kaskazini, hivyo ukuta wa kusini una kivuli mchana kutwa, ila kusi linaukausha; ning'iniza magunia yaliyoloa mbele yake.

Fundi aanze na vidonge vya plasta kama alama za unene, vilivyopigwa timazi, kila mita moja na nusu. Unene uwe milimita 15. Panapohitaji zaidi ya 20, pigwe mara mbili. Tabaka nene la mara moja linashuka kwa uzito wake. Ukuta mmoja umalizwe kona hadi kona siku moja, maana kiungo cha katikati kitaonekana hata chini ya rangi.

Mambo mawili yanayosahauliwa: chini ya kizingiti cha kila dirisha kikwaruzwe kijimfereji cha kudondoshea maji, yasirudi ukutani, na plasta isishuke kuvuka tabaka la kuzuia unyevu. Iishie angalau sentimita 15 juu ya ardhi.

Malizia kwa ubao na sponji. Niru, ule uji wa saruji tupu wa kung'arishia, iachwe sakafuni. Fundi akianza kurushia saruji kavu ukutani ili kunyonya maji, msimamishe, kwa sababu ndiyo inayoleta utando wa nyufa.

## Hatua ya 8: Mwagilia siku saba

Anza asubuhi ya pili, mara tatu kwa siku, kwa kunyunyizia, si kwa mpira wenye nguvu. Mita 90 zinakunywa kama lita 90 kila mara. Newala, Tandahimba na kwingine kwenye uwanda wa Makonde, maji hayo yalipiwe na yawe kwenye simtanki kabla fundi hajakoroga. Kuyatafuta plasta ikiwa ukutani ni kuchelewa.

Siku ya nane gonga ukuta wote kwa kipande cha mti, hatua kwa hatua. Penye mlio wa utupu chora mviringo kwa chaki na umwite fundi.

## Hatua ya 9: Rangi

Subiri siku 28. Kisha bandika kipande cha nailoni angavu, sentimita 50 kwa 50, kwa utepe wa gundi pande zote, jioni. Asubuhi ukikuta matone ndani yake, subiri wiki nyingine.

Karibu na bahari, suuza ukuta kwa maji baridi uondoe chumvi ya upepo, ukauke, halafu praima. Puti ya ndani, ya kulainishia ukuta kabla ya rangi, isitumike nje, mvua inailainisha. Rangi ya mafuta pia hapana, inafunga unyevu na kuvimba. Mikono miwili ya rangi ya maji ya nje, kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye ndoo; fundi rangi anayeongeza maji kupita hapo anakuuzia ndoo moja kwa bei ya mbili. Nunua ndoo zenye namba moja ya toleo, la sivyo ukuta mmoja utakuwa na kiraka.

## Hatua ya 10: Mvua ya kwanza

Simama ndani na uangalie pembe za chini za madirisha, kisha toka nje uone maji ya paa yanaangukia wapi. Yakiruka matope ukutani, mwaga zege jembamba la upana wa sentimita 60 hadi 90 kuzunguka nyumba, lenye mteremko wa kutoka. Ufa mwembamba kama unywele unaweza kungoja kiangazi. Ufa unaoingiza ukucha, au ulioambatana na doa la unyevu ndani, uchimbwe umbo la V na uzibwe ukishakauka, kabla mvua za Januari hazijakolea.